Kafyu, lokidauni na kuenea kwa korona Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu Kenya ya mwaka 2020 na 2021, na kidogo majirani zake. Maswali ni yale yanayorudi kila mazungumzo yakifika kwenye korona: kwa nini mtaa huu uliumia kabla ya ule, kwa nini watu walikaidi amri, na kama amri zenyewe zilisaidia. Mengine yana jibu la mstari mmoja. Yale ya kafyu na ya njaa nimeyapa nafasi kubwa, maana ndiyo watu hugombania mpaka leo.

Kenya ilifungwa kweli, au ilikuwa kafyu tu?

Mchana watu waliendelea kutoka, kwa hiyo ukiilinganisha na Uganda au Rwanda, Kenya haikufungwa kikamilifu. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi 2020 na Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe. Kafyu ya nchi nzima ilianza tarehe 27 Machi, kuanzia saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri. Kisha ikaja marufuku ya kuingia na kutoka: Nairobi na viunga vyake tarehe 6 Aprili, halafu Mombasa, Kilifi na Kwale siku mbili baadaye, na Mandera mwezi huohuo. Tarehe 6 Mei mitaa miwili, Eastleigh ya Nairobi na Mji wa Kale wa Mombasa, ilifungiwa peke yake.

Marufuku ya usafiri iliondolewa tarehe 7 Julai 2020. Ilirudi mwishoni mwa Machi 2021 kwa kaunti tano, Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, ikaondolewa tena mwanzoni mwa Mei. Kafyu yenyewe ilidumu karibu miezi 19, saa zake zikivutwa mbele na kurudishwa nyuma, hadi Uhuru alipoifuta siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba 2021.

Virusi hivi husambaa vipi hasa?

Kwa hewa, kuliko tulivyoambiwa mwanzoni. Mwenye virusi akipumua, akiongea, akiimba au akikohoa hutoa matone yanayoanguka karibu naye, pamoja na chembechembe ndogo mno zinazoelea. Ndani ya chumba kisichopitisha hewa, chembechembe hizo hujazana na kubaki kwa muda. Shirika la Afya Duniani lilitilia mkazo matone na mikono, na suala la hewa likakubaliwa polepole sana. Ndiyo maana kila kibanda kilikuwa na mtungi wa maji wenye bomba na kipande cha sabuni, lakini hukusikia mtu akihimizwa kufungua dirisha. Kunawa mikono si kazi bure, huzuia kuhara na maradhi mengine mengi. Ila kwa korona, kitasa cha mlango kilikuwa njia ndogo tu ya maambukizi.

Kuna na suala la muda. Mtu huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla hajahisi dalili yoyote, na dalili za virusi vya mwanzo zilichukua wastani wa siku 5 kujitokeza. Wengine hawakuumwa kabisa. Kile kipimajoto cha kuelekezwa kwenye paji la uso mlangoni mwa supamaketi kilikuwa kikiwapungia mkono watu waliokuwa wakiambukiza wakati uleule.

Kwa nini mtu mmoja aliambukiza ukumbi mzima na mwingine hakumwambukiza hata mkewe?

Kwa sababu wastani hudanganya. Husemwa kwamba mgonjwa mmoja wa virusi vya mwanzo aliambukiza wawili au watatu. Kwa kweli wengi hawakuambukiza mtu, na wachache waliambukiza kundi zima. Makadirio ya watafiti ni kwamba asilimia 10 hadi 20 ya wagonjwa ndio waliosababisha sehemu kubwa ya maambukizi.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa kwaya moja katika wilaya ya Skagit, jimbo la Washington, Marekani. Tarehe 10 Machi 2020 waimbaji 61 walifanya mazoezi ndani ya ukumbi kwa saa mbili na nusu. Waliougua, pamoja na yule aliyeingia nao, walikuwa 53, na wawili walifariki. Hakukuwa na maajabu: chumba kimefungwa, watu wako karibu, sauti ni za juu, muda ni mrefu, na mmoja wao yuko katika siku zake za kuambukiza zaidi. Ukiondoa hata moja kati ya hayo, hadithi hubadilika. Mtu yuleyule angekuwa sokoni Kongowea chini ya jua, akinunua nyanya na kuondoka, huenda asingeacha mgonjwa hata mmoja.

Kwa hiyo kafyu ilipunguza maambukizi au iliyaongeza?

Yote mawili, na jibu hili halimfurahishi mtu wa upande wowote.

Ilipunguza kwa sababu iliua usiku. Baa, vilabu, harusi za kukesha, disko matanga, vikao vya kahawa barazani: sehemu ambazo watu hukaa saa nyingi, wakipaza sauti, mara nyingi ndani. Takwimu za mwendo wa simu zilionyesha watu wakipunguza safari sana mwezi Aprili 2020. Ukiunganisha kafyu na kufungwa kwa shule na kwa usafiri kati ya kaunti, ugonjwa ulicheleweshwa, na kuchelewa kulikuwa na thamani yake. Hospitali zilipata muda wa kutafuta oksijeni na kuwafundisha wauguzi.

Iliongeza pale ambapo amri ilibana watu wengi ndani ya saa chache. Hapa hakuna mfano mzuri kuliko kivuko cha Likoni, Mombasa. Feri zile hukadiriwa kuvusha watu zaidi ya 300,000 kwa siku, wengi wao wakitoka kisiwani kurudi kusini baada ya kazi. Ukiwaambia wote wawe nyumbani saa 1 jioni, wanaowahi kivukoni hawawi wachache. Wote hufika pamoja. Jioni ya kwanza ya kafyu polisi waliwakuta wamepanga foleni, wakawapiga kwa virungu na kuwarushia mabomu ya machozi. Tazama kilichotokea kwa macho ya virusi: mamia ya watu wamelazwa chini au wanakimbia wamekumbatana, wanakohoa, macho na pua vinatiririka, kila mkono uko usoni. Sidhani kama kuna aliyekaa akabuni njia mbaya zaidi ya kuzuia maradhi ya njia ya hewa.

Jambo hilohilo lilitokea kwa utulivu katika vituo vya basi vya Nairobi kila jioni. Tarehe 6 Juni 2020 kafyu iliposogezwa hadi saa 3 usiku, msongamano wa jioni ulilegea kiasi. Kama ningeulizwa, ningesema saa 3 ndiyo ingekuwa saa ya kuanzia tangu siku ya kwanza: baa zingekuwa zimefungwa vilevile, na kibarua wa Industrial Area angepata nafasi ya kufika nyumbani bila kugombania mlango wa matatu.

Abiria 8 kwenye matatu ya watu 14 walisaidia?

Kidogo. Kanuni ilisema gari la abiria 14 libebe 8, la 25 libebe 15, na makubwa zaidi yasipite asilimia 60. Nafasi iliongezeka, na nauli nayo ikapanda, njia nyingine mara mbili. Matokeo yake aliyeshindwa na nauli alitembea kwa miguu (salama zaidi, ukiacha uchovu) au alisubiri saa za mwisho ambapo makanga hujaza gari kwa sababu askari wa trafiki ameondoka.

Kilichosahaulika ni madirisha. Matatu yenye watu 8 na vioo vimefungwa kwa sababu ya mvua za Aprili si salama kushinda yenye watu 12 na upepo unaopita.

Kwa nini mitaa ya mabanda iliambukizwa kwanza, na mitaa ya matajiri baadaye?

Swali hili lina jibu zuri la kitafiti. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, kituo cha utafiti wa tiba chenye makao Kilifi, walipima damu ya wachangiaji damu kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020. Walikuta kingamwili za korona kwa takriban asilimia 4.3 ya watu wazima nchini, na kwa Mombasa na Nairobi kiwango kilikuwa asilimia 7 hadi 8. Wakati huo waliothibitishwa na serikali walikuwa maelfu machache. Maana yake virusi vilikuwa vimeshapita kwa watu wapatao milioni moja bila kelele.

Baadaye watafiti wa kundi hilo na wenzao walieleza kwa nini Kenya ilipata wimbi katikati ya mwaka 2020 na lingine mwishoni. Wimbi la kwanza lilipita zaidi kwa watu wa kipato cha chini mijini, ambao hawakuweza kupunguza mikutano yao na wengine: chumba kimoja watu watano, choo kimoja ploti nzima, foleni moja ya maji, kazi ambayo lazima mwili uende. Wenye uwezo walijifungia, wakaagiza chakula mtandaoni, wakafanya mikutano kwenye kompyuta. Masharti yalipolegezwa na wao wakarudi mikahawani na maofisini, wimbi la pili likawakuta. Utafiti wa Novemba 2020 uliofanywa katika kaya za Nairobi ulionyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya watatu alikuwa ameshaambukizwa.

Kwa hiyo anayesema "wa Kibera hawakushika ugonjwa, wana kinga ya asili" amekosea njia. Walishaugua mapema, wengi bila kujua, wakiwa na umri mdogo.

Watu walikaidi kwa sababu hawakuamini korona ipo?

Wachache hawakuamini. Wengi waliamini vizuri tu, wakafanya hesabu nyingine.

Zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wa Kenya wako katika sekta isiyo rasmi: mama mboga, fundi wa jua kali, mwenye mkokoteni, dereva wa boda boda, mfuaji nguo wa nyumba za watu. Tarehe 25 Machi 2020 serikali ilitangaza msamaha kamili wa kodi ya mapato kwa wanaolipwa hadi shilingi 24,000 kwa mwezi. Hatua njema, kwa mwenye hati ya mshahara. Kwa asiye na hati hakubadilika kitu. Hakuna amri ya kitaifa iliyosimamisha kodi ya nyumba, na mwenye ploti hakuchelewa kubisha hodi. Mfuaji nguo aliyekuwa akienda mitaa ya wenye uwezo kama Kileleshwa au Nyali mara tatu kwa wiki aliambiwa na mama mwenye nyumba asije mpaka hali itulie. Watafiti walipozungumza na wakazi wa mitaa kama Kibera, Mathare na Dandora miezi ile, wengi walisema wamepoteza kipato na wanaruka mlo.

Tarehe 10 Aprili msaada wa chakula ulipogawiwa Kibera, watu walikanyagana, polisi wakarusha mabomu ya machozi. Ukitaka kuelewa tabia ya umma wakati wa lokidauni, anzia hapo, kabla hujafika kwenye ujinga au uvumi. Anayepata chakula cha leo kwa kazi ya leo hawezi kukaa ndani siku 21. Atakaa siku mbili au tatu, kisha atatoka, na atatoka kwa njia ambayo askari haioni.

Hapo ndipo njia za panya zilipoota. Watu walivuka mipaka ya Nairobi wakiwa wamejificha ndani ya malori ya mizigo, kwa boda boda za vichochoroni, au kwa miguu usiku. Kisa kilichotangazwa na Waziri Kagwe mwenyewe ni cha wasafiri waliotoka Nairobi hadi Homa Bay wakiwa na jeneza tupu, wakijifanya wanasafirisha maiti. Mmoja wao alipopimwa alikutwa na virusi. Watu walicheka sana, nami nilicheka. Lakini kisa kile kinafundisha kwamba marufuku hugeuza safari ya wazi, yenye tiketi na jina, kuwa safari ya siri ndani ya gari lililofungwa, na siku mtu akiugua hakuna wa kumtafuta aliyekaa naye.

Kwa nini watu walikwepa kupimwa?

Kwa sababu kupimwa kulikuwa na adhabu ndani yake. Mwezi Machi na Aprili 2020 waliotoka safari za nje na waliokutana na wagonjwa walipelekwa karantini ya lazima katika hoteli, mabweni na vyuo, na wengi walitakiwa kulipa gharama wenyewe. Asiye na pesa aliendelea kuzuiliwa hata baada ya siku 14. Aprili hiyohiyo serikali ikatangaza kwamba wanaovunja kafyu nao watapelekwa karantini. Hapo mkanganyiko ukakamilika: mahali pa kumlinda mgonjwa pakawa ndipo pa kumfungia mhalifu. Tarehe 21 Aprili makumi ya watu waliruka ukuta wa kituo cha karantini katika chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC, Nairobi. Mwezi Mei serikali ilikubali kubeba gharama, lakini hofu ilikuwa imeshaingia.

Juu yake kukawa na aibu. Mwezi huo wa Aprili, huko Siaya, mtu aliyeshukiwa kufa kwa korona alizikwa usiku wa manane, bila jeneza, na watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga. Video ikazunguka nchi nzima. Kwa jamii ambayo mazishi ni jambo la ukoo na ya siku kadhaa, picha ile ilitisha kuliko ugonjwa. Ukiwa na kikohozi baada ya kuona vile, je, ungejipeleka kituoni?

Mji wa Kale ulipofungwa na wapimaji wakafika, waliojitokeza walikuwa wachache mno. Viongozi walilalamika kwamba wakazi ni wakaidi. Mimi ningeuliza nani aliwaeleza wazee wa mtaa, kabla ya mahema kusimikwa, nini kitampata atakayekutwa nao.

Polisi walisaidia watu kutii?

Siku za mwanzo hofu ilifanya kazi, barabara zilikuwa tupu saa 1 jioni. Lakini bei yake ilikuwa kubwa. Mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, ilisema mwanzoni mwa Juni 2020 kwamba ilikuwa imepokea taarifa za vifo 15 vilivyohusishwa na polisi tangu kafyu ianze, mmoja wao mtoto wa miaka 13 aliyepigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao mtaa wa Kiamaiko. Rais aliomba radhi hadharani kwa ukali wa siku za mwanzo.

Kwa upande wa maambukizi, kukamata hakukusaidia. Waliokamatwa walirundikwa nyuma ya gari la polisi na kulala seli, vyumba ambavyo havina dirisha la maana. Na faini ya kutovaa barakoa, hadi shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita, ilizaa soko la rushwa ya shilingi mia mia mkononi.

Barakoa kidevuni: ilikuwa na maana gani?

Ilikuwa kitambulisho cha kumwonyesha askari. Barakoa ya kitambaa iliyofunika pua na mdomo ilipunguza kinachotoka, hasa ndani ya gari na dukani. Ikining'inia kidevuni haizuii kitu. Lakini msishangae sana: ukiamriwa kitu kwa tishio la faini, utakifanya kwa kiasi cha kukwepa faini.

Misikiti na makanisa yalikuwa na hatari kweli, au yalionewa?

Hatari ilikuwepo. Kuimba na kuomba kwa sauti ndani ya jengo kwa saa mbili ni ileile habari ya kwaya ya Skagit. Ramadhani ya mwaka 2020 ilianza mwishoni mwa Aprili, misikiti imefungwa, na tarawehe zikasaliwa majumbani. Nyumba za ibada zilipofunguliwa Julai, masharti yalikuwa watu wasiozidi 100, ibada ya saa moja, na wasiruhusiwe walio chini ya miaka 13 wala zaidi ya 58. Sharti la muda mfupi lilikuwa la busara kuliko yote, ingawa halikupendwa na wahubiri. Kilichowachoma waumini ni kujilinganisha na mikutano ya wanasiasa, na hilo lina swali lake hapa chini.

Madereva wa malori ndio walioleta ugonjwa?

Walilaumiwa kupita kiasi. Ni kweli walivuka mipaka kila wiki, walilala vituoni, na baadhi walikutwa na virusi Namanga, Busia na Malaba. Tarehe 16 Mei 2020 Kenya ilifunga mipaka yake na Tanzania na Somalia isipokuwa kwa mizigo, na dereva akatakiwa kuwa na cheti cha vipimo. Matokeo yalichelewa, foleni ya Malaba ikanyoosha kilomita kadhaa, na madereva wakakaa siku nyingi wakipika, wakila na kulala pamoja kando ya barabara. Wao ndio waliopimwa zaidi, kwa hiyo ndio walioonekana zaidi. Mtaa usiopimwa hauna wagonjwa kwenye karatasi.

Kwa nini watu walichoka, na masharti ya mwaka 2021 hayakutiiwa kama ya 2020?

Uchovu upo kila nchi, lakini Kenya ulikuwa na sababu ya ziada. Mwishoni mwa 2020 wanasiasa walikuwa barabarani na mikutano yao, maelfu kwa maelfu, barakoa kidevuni. Tarehe 4 Novemba mikutano ya siasa ilisimamishwa kwa siku 60, wakati wimbi la pili tayari limepanda. Mtu aliyekatazwa kuzika mamake mbele ya zaidi ya watu 15 aliwatazama kwenye televisheni, akahitimisha analohitimisha.

Kisumu ilipata lake. Aina ya Delta iliingia eneo hilo mwezi Mei 2021, nayo huambukiza haraka sana kuliko virusi vya mwanzo. Sherehe za Madaraka zikafanyika Kisumu tarehe 1 Juni. Tarehe 18 Juni kaunti 13 za magharibi, Kisumu ikiwemo, zikawekewa kafyu ya saa 1 jioni. Siwezi kusema sherehe ndiyo iliyoleta wimbi, Delta ilikuwa imeshaanza kuenea. Naweza kusema kwamba mwenye kibanda Kondele aliyeambiwa afunge saa 12 alikuwa na haki ya kukasirika.

Uganda, Rwanda na Tanzania walifanya nini?

Rwanda ilifunga mapema kuliko karibu nchi zote za Afrika, tangu tarehe 21 Machi hadi mwanzoni mwa Mei 2020, na ilijulikana kwa kupima sampuli nyingi kwa pamoja ili kuokoa vifaa. Uganda ilipiga marufuku usafiri wa umma na hata magari binafsi. Boda boda ziliruhusiwa kubeba mizigo tu. Serikali iligawa unga na maharagwe Kampala na Wakiso. Shule za Uganda, ukiacha madarasa machache yaliyorudi kwa muda, zilikaa zimefungwa hadi Januari 2022, karibu miaka miwili, na sioni hesabu yoyote ya maambukizi inayolipa gharama hiyo.

Tanzania ilifunga shule na kuzuia mikusanyiko kuanzia katikati ya Machi 2020, lakini haikuweka kafyu, na masoko na nyumba za ibada ziliendelea. Takwimu zilikoma kutolewa mwanzoni mwa Mei zikiwa wagonjwa 509, vifo 21. Mwezi Juni Rais John Magufuli alitangaza kuwa ugonjwa umeondoka kwa maombi. Watu walipiga nyungu, wakanywa tangawizi na ndimu, wakaendelea na kazi. Wapo Wakenya wanaosema "jirani hakufunga na hakuna kilichotokea." Ukiacha kuhesabu huwezi kujua kilichotokea. Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, alifariki Februari 2021 baada ya chama chake kutangaza kuwa ana korona. Rais Samia Suluhu Hassan alibadili mwelekeo, na Julai 2021 akachanjwa hadharani.

Joto la Pwani liliua virusi?

Hapana. Kilichosaidia Pwani ni maisha ya nje na nyumba zinazopitisha upepo. Mombasa ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika mapema zaidi nchini.

Na noti za pesa?

Hatari ndogo. Hata hivyo ule uamuzi wa Machi 2020 wa kuondoa ada ya kutuma chini ya shilingi 1,000 kwa simu ulikuwa mzuri kwa sababu nyingine: uliwezesha ndugu kutumiana mia mbili ya unga bila kukatwa.

Kwa nini vifo vya Kenya vilikuwa vichache kuliko Ulaya?

Sababu kubwa ni umri. Nusu ya Wakenya wana miaka 20 hivi au chini, na korona huua zaidi wazee. Wazee wetu wengi wako mashambani, wakiishi na familia, na hakuna makao makubwa ya wazee kama yale yaliyopoteza watu wengi Ulaya. Hapo marufuku ya kutoka Nairobi na Mombasa ilikuwa na faida ambayo haisemwi sana: ilichelewesha vijana kuwapelekea bibi na babu virusi wakati wa Pasaka ya 2020, kabla madaktari hawajajua vizuri namna ya kuwatibu.

Sababu nyingine ni hesabu. Vifo vilivyoandikwa rasmi vilizidi kidogo 5,600, lakini vifo vingi Kenya hutokea nyumbani na havipimwi. Idadi halisi ni kubwa zaidi, ingawa bado iko chini ya ile iliyotabiriwa mwanzoni.

Barakoa bado ni lazima?

Hapana. Sharti la kuivaa hadharani liliondolewa tarehe 11 Machi 2022, na Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya kimataifa tarehe 5 Mei 2023. Virusi bado vipo. Ukiwa na kikohozi na unaenda kumtazama mzee au mgonjwa wodini, ivae, au ahirisha safari.